Marieta na Faini ya Mlio

Asubuhi ya mwisho tuliyokaa kama watu wa kawaida, Marieta alinigombeza kwa ajili ya mlango wa zizi. Nilikuwa nimeufunga kwa kamba. Alisema kamba ni ya kufungia mbuzi, na kama siwezi kutofautisha mbuzi na mlango basi nibaki jikoni, yeye aende machungani. Nikanywa chai yangu. Ilikuwa na maziwa mengi, sukari kidogo. Sukari alikuwa ananificha.

Kijana wa bodaboda akafika kwenye kona yetu. Akazima pikipiki, akashuka, akaisukuma mpaka akaipita nyumba. Abiria wake, mama mwenye kuku, akamfuata kwa miguu.

"Shikamoo, bibi," kijana alisema akipita.

"Marahaba. Goti la mama yako?"

"Bado bado."

"Mwambie nakuja kesho."

Kesho hakwenda. Mchana ule tumbo lilimshika, akalala, na nyumba haikurudi kuwa ya kawaida. Mlango wa zizi sasa nimeutia bawaba. Hakuna wa kuuona.

Mgeni akipita huku Balangdalalu na kuona vijana wanasukuma pikipiki nzima kwenye barabara tambarare, atasema tuna wazimu. Akiuliza, ataambiwa ni kazi nzuri ya polisi. Hata polisi wanasema hivyo. Mimi sikusoma, herufi niliziokota kwenye kisomo cha watu wazima. Lakini naandika, kwa sababu aliyezinyamazisha pikipiki hizo ni mke wangu, na sasa hawezi kubisha.

Marieta alizaliwa huko chini tambarare, kwenye boma la ng'ombe wengi na maneno machache. Mimi ni mtu wa Gitting, mtu wa jembe. Kwao mtu wa jembe ni mtu aliyepotelewa na ng'ombe, na hakunificha kwamba anaona hivyo. Alibatizwa, akaenda kanisani kila Jumapili, ila sketi yake ya ngozi, vazi la mila la wanawake wa kwao, aliiweka sandukuni. Katekista alimwambia aitupe. Alimjibu kwamba hata katekista ana suruali za zamani.

Hakuwa mtu wa kelele. Akikasirika alizidi kunyamaza, na hapo ndipo mtu alipaswa kuogopa. Polisi hawakulijua hilo. Hawakufundishwa chuoni.

Barabara inapita nyuma ya nyumba yetu. Vijana walipoanza kununua pikipiki walikuta zina kasoro moja: mtu wa kijiji cha pili hazisikii. Wakazitengeneza. Wanatoa sailensa, wanatoboa ekzosi, na mtu akizima swichi na kuiwasha akiwa mwendoni, inapasuka kama bunduki. Fundi mkubwa wa elimu hiyo alikuwa Modest, mtoto wa Bernadina. Baba yake ana ng'ombe wengi. Modest aliona ng'ombe hana sifa, maana hata umkimbize vipi halipuki.

Serikali ikasikia. Milio haikuisikia, ilisikia malalamiko. Koplo Xavery akaitisha mkutano siku ya mnada. Kituo chake sikitaji, wenyewe wanajijua. Alikuwa kijana mzuri, mtu wa mbali, viatu vinang'aa mpaka ng'ombe wanajiona. Akatangaza operesheni. Huku jambo la serikali likianza linaitwa operesheni. Likiisha halina jina.

"Kuchezea ekzosi ni kosa," alisema. "Tutakamata, tutapima, tutachukua hatua."

Marieta akanyoosha mkono. "Mtapima kwa kitu gani, afande?"

"Kuna kipimo cha kelele, mama."

"Kiko wapi?"

"Kinakuja kutoka mkoani."

"Kisipofika?"

"Tutatumia sikio."

"La nani?"

Watu wakacheka. Koplo naye akacheka, ndiyo adabu. "La kwangu, mama."

Marieta akalitazama lile sikio kwa muda, kama mtu anayekagua ndama mnadani. Akakaa chini bila kununua.

Operesheni ikafanyika kweli. Pikipiki zilikamatwa, zikapangwa nje ya kituo kama waumini kwenye mafungo. Zikatubu, zikalipiwa faini, zikatiwa sailensa, zikaachiwa. Kwenye kona ya kwanza vijana walizitoa zile sailensa na kuzifunga chini ya kiti, ziwe tayari kwa toba nyingine. Ya Modest ilitoka na sauti kubwa kuliko iliyoingia nayo. Nadhani ilipata marafiki huko ndani.

Kipimo bado kinakuja.

Mwaka ule Getruda alijifungua. Huyu ni mke wa mwanetu Lukasi, na Lukasi alikuwa Babati kwenye kibarua cha kujenga. Kabla ya mtoto huyu Getruda alikuwa amezika wawili, wote kabla hawajajua kukaa. Huyu alikuwa wa kike, mwepesi kama kifaranga. Jina tulikuwa nalo lakini hatukulitamka. Tuliogopa kumzoea.

Kwa kina Marieta mwanamke akijifungua anakaa ndani miezi. Habebeshwi mzigo, hagombezwi, hashtuliwi. Ukimkosea mzazi hujamkosea mume wake tu, umewakosea wanawake wote, na wanawake wote watakuja.

Sasa pikipiki ikipasua barabarani, mtoto anashtuka, anaachia ziwa, analia mpaka pumzi inakatika. Ikaja nyingine, na nyingine. Getruda akaanza kutetemeka hata kabla pikipiki haijafika konani. Maziwa yakapungua. Mtoto akaanza kuwa na macho makubwa, yale tuliyokwisha kuyaona mara mbili. Muuguzi wa zahanati alikuja, akasema mama apate utulivu. Dawa hakuandika. Utulivu hauuzwi duka la dawa.

Marieta akaenda kituoni. Nilikwenda naye, nikakaa kwenye benchi.

"Nimekuja kushtaki pikipiki," alisema.

"Vizuri sana, mama," Koplo alisema. "Wananchi wote wangekuwa kama wewe. Namba ya pikipiki?"

"Sijui kusoma namba. Naijua sauti."

"Sauti haiandikwi, mama."

"Kosa si ni sauti?"

"Kosa ni sauti, lakini tunaandika namba."

Marieta akafikiri. "Na kama ni pikipiki ya kimya yenye namba, mnaandika?"

"Hapana, hiyo haina kosa."

"Basi namba haina shida. Andika sauti."

Koplo akafunga kitabu. Akasema kwa upole kwamba mzee, yaani mimi, nimsaidie kumwelewesha mama. Nikamwambia nimejaribu tangu siku ya harusi.

Njiani Marieta hakusema neno. Nikajua kuna watu wataumia.

Alifungua sanduku, akatoa sketi ya ngozi. Wanawake wakakutana bondeni. Kikao hicho mwanamume hasogei, kwa hiyo habari zake nilizipata kama mbuzi anavyopata habari za nyumbani, kwa kupita karibu. Wenye sketi za ngozi walizivaa. Wanawake wa kwetu, wa jembe, ambao hawana, walifunga shuka na kwenda hivyohivyo. Mzazi ni mzazi.

Walimkuta Modest kwao, anapaka pikipiki mafuta. Wakamwambia ametozwa dume la ng'ombe, jeusi lisilo na doa, kwa kumshtua mzazi.

Modest akacheka. "Faini nimeshalipa, kwa polisi."

"Hiyo umelipia barabara," Marieta alisema. "Hii ni ya Getruda."

Modest akamwona mama yake, Bernadina, amesimama katikati yao na fimbo. "Mama, na wewe?"

"Hapa mimi si mama yako," Bernadina alisema. "Mama yako hajarudi nyumbani. Nenda ukamsubiri. Chakula usikisubiri."

Tangu siku hiyo hakuna mwanamke aliyempa Modest maji, wala moto, wala uji. Hilo angelivumilia, ni kijana. Lakini wanawake waliacha kupanda pikipiki yake. Na nani anapanda bodaboda huku kama si wanawake? Sisi wanaume tunatembea, tunajifanya tunapenda. Modest akazunguka mnadani na kiti kitupu, akipiga milio kwa mbuzi.

Akaomba dume kwa baba yake, akalipa. Ng'ombe huyo wanawake wanamfanya nini, mwanaume haulizwi wala haulizi. Ekzosi akairudishia sailensa, wenzake nao wakarudishia zao. Na kwa hofu Modest akaongeza la kwake: akifika kwetu anazima kabisa na kusukuma. Halikuwa kwenye hukumu. Wenzake walipomwona wakadhani ndiyo sheria, nao wakasukuma. Marieta aliwatazama siku ya kwanza, akaniambia tusiwasahihishe.

Mtoto akaanza kunyonya. Maziwa yakarudi kidogo kidogo, kama mvua ya huku.

Baada ya hapo mkubwa mmoja alikuja kutoka wilayani. Koplo Xavery akamtembeza kwenye barabara iliyonyamaza. Akamwambia operesheni imefanikiwa asilimia mia moja. Mkubwa akasikiliza ule ukimya, akaridhika nao, akaandika. Ukimya kumbe unaandikika.

Wiki hiyohiyo pikipiki ya kituo ikaharibika. Nje ya kituo kulikuwa na moja iliyokamatwa, mwenyewe alikimbia na hakurudi. Ekzosi yake ilikuwa imetobolewa kama chujio. Koplo akaipanda. Akapita nyuma ya nyumba yetu asubuhi akienda mnadani na mchana akirudi, kila mara kama vita. Mtoto alilia mpaka akageuka rangi. Getruda akatokwa jasho, ziwa likakataa.

Marieta akamngoja barabarani kesho yake, akanyoosha fimbo. Koplo akasimama, injini inaunguruma.

"Zima," Marieta alisema.

Akazima. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo nayo itie sailensa."

"Haiwezekani. Hii ni kielelezo. Sheria hairuhusu kuigusa ekzosi yake mpaka kesi iishe."

"Na kuipanda?"

"Kuipanda ni kwa ajili ya kazi."

"Kazi gani?"

Koplo akakohoa. "Kufuatilia kelele."

Hapo Marieta alinyamaza. Mimi nilikuwa shambani karibu, nikaacha kulima kabisa.

Wanawake wakaenda kituoni siku hiyo, wakamsomea hukumu yake mlangoni. Dume jeusi lisilo na doa.

"Mama zangu," Koplo alisema, "mimi ni serikali. Serikali haitozwi ng'ombe."

"Serikali hatuitozi," Marieta alisema. "Serikali haina mama. Wewe unaye?"

"Ninaye."

"Basi tunakutoza wewe."

Koplo akaingia ndani, akafunga mlango. Jioni vijana wawili walipita kwetu bila kuzima, mmoja akapasua kwa makusudi. Kama polisi halipi, wao ni wajinga? Mtoto akalia. Marieta akamchukua, akatembea naye huku na huku, na nikamwona kwa mara ya kwanza ana hofu. Neno la wanawake likivunjwa na mmoja, limevunjwa. Na Getruda alikuwa na ziwa moja tu lililobaki na kitu.

Mwenyekiti wa kijiji, Hermani, akanijia. "Mzee, zungumza na mkeo. Ataleta matatizo na serikali."

"Amelala hapo ndani. Nenda ukazungumze naye wewe."

Hermani akakumbuka ana kikao.

Asubuhi Marieta akaitwa kituoni kwa kosa la kufanya fujo. Akavaa sketi yake akaenda. Wanawake wakamfuata, wakaingia uani mwa kituo, wakakaa chini. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyeongea. Walikaa tu, wazee kwa wasichana, na fimbo zao magotini.

Mpishi anayepikia kituo ni Konsolata. Siku hiyo alifunika sufuria zake na kwenda kukaa na wenzake, karibu na dirisha, kwa hiyo simu yote aliisikia.

"Afande, ni wanawake," Koplo alimwambia mkubwa wake. "Hapana, silaha hawana. Fimbo tu, wazee wanatembelea fimbo. Hapana, hawatukani. Hawapigi kelele, afande. Ndiyo. Hawapigi kelele kabisa. Sasa niandike kosa gani?"

Kumbe mkubwa naye hakujua. Alimwambia atumie busara. Serikali ikiishiwa inaagiza busara.

Koplo akakaa na njaa yake mpaka jua limezidi. Halafu akapiga simu nyingine, nadhani alitaka mtu wa kumhurumia. Alimpigia mama yake. Konsolata anasema alieleza vizuri: pikipiki, kielelezo, wanawake, ng'ombe. Halafu akaanza kujitetea: "Hapana, mama, sikujua kama ana mtoto mchanga… Ndiyo, mama… Ndiyo… Najua wewe ulinizaa kwa shida… Ndiyo, nitalipa."

Akatoka, akavua kofia. "Mama, huyo dume lazima awe mweusi?"

"Lazima," Marieta alisema, na wanawake wakainuka wakaenda kupika.

Sijawahi kuona polisi wetu akitafuta ng'ombe kwa bidii ile, na ng'ombe wetu walioibwa ni wengi. Koplo alizunguka minada kwa miguu, kile kielelezo kikabaki kituoni kuku wanalalia. Dume la kwanza alilileta la kahawia, akisema kivulini linaonekana jeusi. Lilirudi na kivuli chake. La pili lilikuwa jeusi kweli. Wanawake wakalizunguka. Marieta akainama, akachungulia chini ya tumbo, akaona doa jeupe dogo kama kiganja cha mtoto.

"Hapa kumepambazuka," akasema.

Koplo akalisindikiza lirudi lilikotoka. La tatu lilikuwa jeusi mpaka ulimi. Lilipopokelewa, vijana walikuwa wamesimama na pikipiki zao wanaangalia, Modest mbele yao. Modest alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu alipe lake. Jioni ile wote walisukuma.

Getruda alimaliza miezi yake ndani kwa amani. Koplo Xavery alipandishwa cheo kwa ajili ya utulivu wa barabara. Sisemi hakustahili. Aliulipia.

Marieta aliishi baada ya hapo kama alivyoishi kabla. Sketi akairudisha sandukuni, Jumapili akaenda kanisani. Vijana walimwamkia kuliko walivyomwamkia padri. Hakujisifu. Mtu akimsifu, alimuuliza kama amekuja na kazi au ana shida.

Tumbo lilipomshika tulimpeleka hospitali. Wakasema tumechelewa. Sikujua tulichelewa lini, maana asubuhi ya jana yake alikuwa ananigombeza. Alirudi kwenye jeneza. Kwenye mazishi Xavery, sasa sajenti, alisimama akatoa hotuba. Alisema marehemu alikuwa mdau mkubwa wa operesheni, na kwamba alishirikiana na jeshi la polisi bega kwa bega. Wanawake waliinamisha vichwa. Waliozoea watu hawa walijua hawalii kwa wakati ule, wanabana kicheko. Marieta mwenyewe angefanya hivyohivyo.

Wakaniambia mzee, sema neno. Nikasimama. Nikakaa.

Nilitaka kusema juu ya siku ile Getruda alipotoka ndani. Watu walikuwa wengi uani, maziwa kwenye vibuyu, Lukasi amerudi kutoka Babati. Mtoto aliletwa juani, amenenepa mashavu, na hapo ndipo tulimwita jina lake mbele za watu, Irene. Xavery alikuwa amekuja na kanga ya zawadi, akawa anatoa hotuba yake ya utulivu. Irene hakupenda jua, au hakupenda hotuba. Akapiga kelele ambazo hazijawahi kutoka kwenye ekzosi yoyote ya wilaya hii. Hotuba ikakatika. Jirani mmoja akainuka haraka amchukue ampeleke ndani, mgeni aendelee kusikika. Marieta akamzuia kwa mkono. Akasema:

"Mwacheni alie. Na anayetaka kumkamata aje, nipo."